Soseji za slow cooker kwenye send-off ya mdogo wangu, na kifuniko nilichokataza kisifunuliwe

Wakuu, kamwene.

Mimi ni msomaji wa kimya humu, huu mwaka wa nne. Huwa napita, nasoma, nacheka kidogo, naondoka. Leo nimeona niandike.

Ninachoandika ni kweli tupu. Sehemu yake moja sikuwahi kumwambia mtu yeyote mpaka mwaka huu. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Shule niliishia form two, kwa hiyo nikiruka ruka mtanivumilia.

Niko Iringa, Ipogolo, hapa chini ya mlima inapopita barabara kuu. Nina banda la chakula. Madereva wa malori wanaokwenda Tunduma na wanaorudi wanakula kwangu. Wali, ugali, maharage, nyama, mboga. Kuna dereva mmoja Mzambia akipita ananiita "mama", na mimi nina miaka thelathini na tatu.

Nasema haya ili mjue kwamba watu wasionijua wanakula mkononi kwangu kila siku.

Ndugu wa marehemu baba yangu hawali. Ni miaka kumi na tisa sasa.

Nieleze kidogo ili tuende pamoja.

Baba alikuwa anapasua mbao Mufindi. Tuliishi karibu na Nyololo, kwenye nyumba za ukoo, ndugu zake wote wakiwa hapo hapo. Siku moja alirudi jioni amechelewa, akala chakula alichowekewa, akalala. Alfajiri hakuamka.

Hospitali walisema ni moyo. Kikao cha ukoo kilisema ni chakula.

Mama alikabidhiwa nguo zake kwenye kiroba. Akaja nasi Ipogolo, watoto watatu: mimi, Gasto, na Leah ambaye alikuwa na miaka mitano. Mwaka uliofuata mama naye akafariki, kifua. Nikaacha shule. Hao wawili nimewalea mimi.

Siwezi kusema ndugu wa baba walitutupa. Shangazi yetu Anjelina, dada mkubwa wa baba, alikuwa anakuja mara moja kwa mwaka kutuangalia. Analeta viazi, analeta mahindi. Anakaa, anauliza shule za watoto, anawachapa kidogo wakistahili.

Lakini chakula changu hali, na hasemi kwa nini.

Anakula yai la kuchemsha, analimenya mwenyewe. Anakula ndizi mbivu, anaimenya mwenyewe. Anakunywa soda ikifunguliwa mbele ya macho yake. Gasto alipokua akagundua, akawa anatania, "Dada, shangazi yuko njiani, katafute vitu vyenye maganda."

Tulikuwa tunacheka. Mimi nilikuwa nacheka huku nimegeukia ukutani.

Kwa hiyo Leah alipopata mchumba, kijana wa Mbeya, Mnyakyusa, na send-off ikapangwa ifanyike hapa kwangu uwanjani, mimi nilitaka kitu kimoja tu. Shangazi Anjelina ale chakula changu mbele za watu.

Keki, sare, mapambo, yote niliwaachia wengine.

Kamati ilikaa kwangu Jumapili nne. Walipofika kwenye chakula, baba mdogo ambaye ndiye alikuwa mwenyekiti akasema kwa upole sana, "Mwanangu, siku hiyo wewe ndiye mama wa shughuli. Usihangaike na jiko. Watapika kina mama wa jumuiya, na sisi kutoka Nyololo tutaleta wawili wa kuwasaidia."

Kila aliyekuwa pale alielewa. Hao wawili wa kusaidia kazi yao ni kukaa karibu na sufuria na kuangalia nani anaweka nini.

Nilikubali. Nikasema, lakini bites zitatoka kwangu. Nitapika soseji.

Baba mdogo akaandika kitu kwenye daftari, akasema, "Haya, soseji." Tukaenda kwenye ajenda nyingine.

Sasa soseji nilizijulia wapi? Baada ya mama kufariki nilifanya kazi za ndani miaka sita kwa mama mmoja hapa Iringa mjini. Alikuwa amewahi kuishi nje, akarudi na slow cooker. Kwa wasioijua, ni chungu kizito kinachokaa ndani ya kitu cha umeme, kina kifuniko cha kioo. Kinapika kwa moto mdogo sana. Ukikiangalia unaweza kudhani hakijawashwa.

Kila sherehe ya watoto wake tulikuwa tunapika soseji ndogo. Ni rahisi mno. Soseji zile fupi kama kidole, au kubwa unakata mara tatu. Chupa moja ya tomato sauce, nusu kopo la jamu nyekundu, kijiko cha siki, kitunguu saumu, pilipili kidogo, na kitunguu maji kilichokunwa. Mimi natumia vya Ruaha Mbuyuni, vina ukali. Unatumbukiza vyote, unachanganya mara moja, unafunika, unaweka low, masaa manne. Unaenda kufanya mambo yako. Ukirudi sosi imeshika soseji, inang'aa.

Sheria ni moja. Usifunue.

"Kila ukifunua umerudi nyuma nusu saa," alikuwa ananiambia yule mama. "Kioo hicho kimewekwa ili uangalie kwa macho."

Alipohama aliniachia kile chungu. Na mimi nikifundishwa kitu nakishika. Ndivyo nilivyolea watoto wawili, kwa kushika vitu nilivyoambiwa na kutoviachia.

Maandalizi yangu yalikuwa ya uhakika. Upande wa bwana harusi kuna mashemeji Waislamu wenye duka huko Mbeya, nikanunua soseji za ng'ombe, na ile mifuko yake nikaiacha wazi mezani ili anayetaka kusoma asome. Umeme wa LUKU niliununua mapema, na jenereta nikaazima kwa jirani. Za watoto nilipika pembeni bila pilipili.

Yaani nilikumbuka wasiwasi wa kila mtu, hata wa watu nisiowajua.

Siku ikafika. Saa nne asubuhi nikawasha. Nyumba ilikuwa imejaa watoto na wapambaji, kila mtu anaingia jikoni kutafuta mkasi. Nikachukua ile karatasi ya gundi wanayotumia mafundi rangi, nikaipitisha juu ya kifuniko kutoka mkono mmoja wa chungu hadi mwingine. Juu yake nikaandika kwa marker: USIFUNUE.

Nikaridhika. Nikaenda kuoga.

Saa sita Coaster ya Nyololo ikaingia, wanaimba.

Kwetu, wanawake wa ukoo wakifika kwenye shughuli hawaendi moja kwa moja kwenye viti. Wanaanzia jikoni. Wanafunua sufuria moja baada ya nyingine, wananusa, wanachota kidogo kwenye kiganja, wanaonja, wanasema chumvi imekaa au haijakaa. Wanasema ni kuwasalimia wapishi. Ukaguzi pia upo ndani yake, ila hakuna anayeuita hivyo. Na wewe mwenyeji unatakiwa uwe umeonja mbele yao. Hata ulanzi, pombe yetu ya mianzi, ni hivyo hivyo, anayekupa anakunywa kwanza ndipo anakupa.

Mimi hili nalijua tangu nazaliwa.

Shangazi alikuwa mbele ya wote. Akafunua nyama, akafunua ndizi, akafunua pilau. Akamtania mama mmoja wa jumuiya, "Pilau hii bizari mmeiweka au mmeionyesha tu?"

"Mama, umri umekula pua yako," yule mama akamjibu. Wakacheka wote.

Nilikuwa nimesimama mlangoni na moyo wangu ulikuwa mwepesi. Nilidhani leo ndiyo leo.

Kisha akaingia ndani, kwenye meza yangu.

"Na hiki?"

"Soseji, shangazi. Kinapika chenyewe."

"Mbona kimya? Chungu gani kinapika hakisemi?"

"Kinakwenda polepole."

Akanyoosha mkono kwenye kifuniko.

Mimi nikauwahi mkono wake, nikaushika.

"Hapana shangazi. Hicho hakifunuliwi. Ukifunua kinachelewa."

Akauangalia mkono wangu juu ya wake. Halafu akaiangalia ile karatasi ya gundi, akaifuata kwa macho kutoka upande mmoja hadi wa pili.

"Umekifunga," akasema.

"Ni kwa ajili ya watoto, shangazi."

"Sawa mwanangu."

Akageuka. Nyuma yake alikuwa amesimama mke wa baba mdogo. Shangazi akamwambia kwa sauti ya chini, wala hakuwa na ubaya usoni, kama mtu anayekumbuka kitu tu: "Hata mama yake alifunga."

Wakatoka.

Wakuu, hapa nirudi nyuma kidogo.

Sufuria ya chakula alichowekewa baba jioni ile ilikuwa imefungwa kwa kipande cha kanga kilichopita juu ya kifuniko, fundo pembeni. Kwenye kikao cha ukoo kile kipande cha kanga kiliwekwa katikati ya watu. Swali lao lilikuwa hilo moja. Kwa nini mke afunge chakula cha mume wake?

Na mimi, binti yake, miaka kumi na tisa baadaye, nimepitisha karatasi juu ya kifuniko na nimemshika mkono dada wa marehemu asifunue.

Naapa sikuwa nimewaza. Nilikuwa nawaza ile nusu saa.

Ningeweza kubandua pale pale. Ningemkimbilia uwanjani nikamwambia, "Shangazi rudi, funua, onja, hata ikichelewa basi." Sikufanya hivyo. Nilipata hasira. Nilijiambia zikiiva zitajieleza zenyewe. Nikasimama kulinda chungu mpaka saa nane, kama askari.

Saa tisa MC akatangaza bites. Wasichana wakapita na sinia, soseji zimechomekwa vijiti, nzuri kuliko zote nilizowahi kupika.

Turubai la kushoto walikaa ndugu wa baba. La kulia watu wa Mbeya.

Sinia za kulia zilirudi tupu. Za kushoto zilirudi na vijiti vyote vimesimama, kama vilivyotoka. Baba mdogo alichukua moja, akaishika hotuba nzima, mwisho akainama akaiweka chini ya kiti. Nilimwona. Shangazi hakuchukua hata ya kushika.

MC hakujua kitu, akasema kwenye maiki, "Upande wa baba naona leo mmefunga. Padri alitangaza lini?"

Wachache walicheka. Na wale wa kulia wakaanza kuangalia kushoto.

Nikaona mikono inapunguza mwendo. Mzee mmoja wa Mbeya akaitoa iliyokuwa mdomoni, akaikunja kwenye tishu. Mwenzake akarudisha kijiti kwenye sahani. Leah alikuwa mbele kwenye kiti chake cha maua, anaona yote. Uso wake ulikuwa umekauka.

Mama wa bwana harusi, tumwite Mama Ipyana, akaniita kwa kidole.

"Mwanangu, hizi umepika wewe?"

"Ndiyo mama."

"Mbona wenyewe hawali?"

Nikisema ukweli, nimewakabidhi wakwe wa Leah habari ya mama yetu, na kuanzia siku ile kila chakula cha Leah huko Mbeya kitaangaliwa hivyo hivyo. Nikinyamaza, watajaza wenyewe.

Nikachukua kijiti kwenye sahani yake, nikala. Nikachukua cha pili, nikala. Sikusikia ladha yoyote.

Mama Ipyana alinitazama mpaka nikameza.

"Ungeanza hivyo," akasema taratibu. "Hata kwetu anayekaribisha anaanza yeye."

Akala iliyobaki. Kisha akamgeukia yule mzee wa tishu, akasema kwa sauti, "Shemeji kula. Wahehe wanaturingia tu hawa."

Watu wa kulia wakaendelea kula. Namshukuru yule mama mpaka leo. Uchumba haukuvunjika.

Upande wa kushoto hakuna aliyegusa. Coaster ikaondoka jua likiwa bado juu. Shangazi aliniaga vizuri, akanipa mkono.

Jioni tulibaki sisi watatu jikoni, Leah bado na gauni lake. Chungu kilikuwa kimebaki zaidi ya nusu. Tukaanza kula ili zisiharibike.

Gasto akasema, "Dada, ungezitengenezea maganda."

Hakuna aliyecheka, hata yeye.

Leah akaweka sahani chini. Akaniuliza, "Dada, mama alimfanya nini baba?"

Alikuwa hajawahi kuniuliza. Na tazameni alivyouliza. Hakuuliza kama mama alimfanya kitu. Aliuliza ni kitu gani. Kumbe mtoto niliyemlea mimi, aliyelala ubavuni kwangu, alikuwa ameliamini lile jambo miaka yote, na ananipenda hivyo hivyo, na alikuwa anakwenda kuolewa nalo.

Ndipo nikasema nisichowahi kusema.

Siku ile mama alipika nyama. Ilikuwa imepita muda mrefu. Alitenga ya baba kwenye sufuria ndogo. Mimi nilikuwa mwizi wa nyama, pale kwetu kila mtu alijua, na wiki ile nilikuwa nimechapwa mara mbili kwa hilo. Mama akachana kipande cha kanga, akafunga kifuniko. Alikifunga kwa sababu yangu mimi.

Akaenda kuchota maji. Nikafungua fundo. Nikala vipande viwili vya mbavu, nikachovya mchuzi kwa vidole, nikarudisha fundo kama lilivyokuwa. Mfupa nikautupa nyuma ya choo.

Baba akarudi, akala kilichobaki.

Mimi nilikula sufuria ile ile, kabla yake. Sikuumwa hata tumbo.

Kwenye kikao nilikuwa nje, chini ya dirisha, Leah nimembeba mgongoni. Nilisikia wakimuuliza mama, "Nani mwingine alikula chakula hicho?"

Mama akajibu, "Hakuna. Kilikuwa cha baba yao peke yake."

Hakujua. Na mimi niliyejua nilikuwa hatua kumi kutoka mlangoni. Ningeingia nikasema mimi nilikula, ningechapwa, basi. Niliogopa fimbo. Nilikuwa na miaka kumi na minne na sikuelewa wanachopima mle ndani ni nini. Nilipokuja kuelewa tulikuwa tumeshafika Ipogolo na kiroba chetu. Nikawa nasema nitamwambia mama kesho. Kifua chake kikazidi, na sikumwambia.

Leah akasema, "Kwa hiyo hakufanya kitu."

"Hakufanya kitu."

Gasto alisimama. "Miaka yote hii, dada?" Akatoka. Hakuongea na mimi wiki mbili. Sikumlaumu, na sasa hivi ndiyo tunaanza kurudi sawa.

Harusi ilikuwa Mbeya mwezi uliofuata. Leah alikuwa amemsimulia Mama Ipyana jinsi chungu changu kinavyopika kimya, naye akanipigia simu. "Njoo na kile chungu chako kisichosema."

Nilitaka kukataa. Leah akasema, "Dada, beba."

Jikoni kwa Mama Ipyana palikuwa na kina mama kama ishirini na baridi ile ya Mbeya ya asubuhi, kila mtu na kitenge begani. Nikaweka chungu mezani. Bila karatasi. Nikachota sosi nikaonja mbele yao, nikasema, "Anayetaka kufunua afunue."

Wakafunua. Nawaambieni walifunua kweli. Mmoja anafunua anasema, "Hakijachemka hiki." Mwingine anafunua kuhakikisha kama aliyetangulia kasema kweli. Mmoja akaongeza chumvi bila kuniuliza. Masaa manne yakawa sita na zaidi, sosi ikawa nyepesi kama chai. Yule mama aliyenifundisha angelia.

Katikati ya hapo Shangazi Anjelina akaingia. Alikuja kama shangazi wa bibi harusi. Wenyeji walikuwa wametoka kupokea wageni, tukabaki wawili.

Akasogea mezani. Akaniangalia kwanza. Sikusogea.

Akafunua mwenyewe. Mvuke ukampanda kwenye miwani.

Nikamwambia pale pale, kabla sijapata muda wa kuogopa. "Shangazi, mama alifunga ile sufuria kwa sababu yangu. Nilikuwa naiba nyama. Na siku ile niliiba. Nilikula kabla ya baba."

Alikuwa ameshika kifuniko, maji yanadondoka mezani.

"Vipande vingapi?"

"Viwili."

"Vya wapi?"

"Mbavu. Mfupa niliutupa nyuma ya choo."

"Mdogo wangu alipenda mbavu," akasema.

Mimi nilikuwa naangalia yale maji.

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa fimbo, shangazi."

"Fimbo ya nyumba ile nilikuwa naishika mimi," akasema.

Alichukua kijiti, akachoma soseji moja, akaiweka kwenye kifuniko akaikata katikati kwa kisu. Nusu akanipa mimi. Akasubiri. Nikala, akanitazama mpaka nikameza, kama alivyonitazama Mama Ipyana.

Nusu ya pili aliishika vidoleni. Halafu akatoa tishu kwenye mkoba, akaikunja ndani yake, akaitia mkobani, akafunga zipu.

"Nitakula njiani," akasema. Akaenda kumvalisha Leah.

Wakuu, sijui kama aliila. Mbeya mpaka Nyololo ni mbali, madirisha ya gari yako wazi. Sijauliza.

Nilichojifunza sitakipamba. Ukimpikia mtu mwenye shaka na wewe, mwache afunue. Chakula kitachelewa, kitakuwa chepesi, basi. Mimi nililinda soseji nikasahau niliyempikia. Na kama una neno la kumfungua mtu, liseme hata kama litakuletea fimbo. La kwangu nimelisema mwenyewe hayupo.

Sasa naomba ushauri wenu, hasa nyie mliowahi kukataliwa chakula na ndugu.

Shangazi amepiga simu, anakuja wiki ijayo na viazi vyake kama kila mwaka. Hakusema kitu kingine.

Mayai nimeshanunua, yapo kwenye trei. Mbavu pia nimenunua, ziko kwenye friji.

Sijui niinjike nini. Nyie mngeinjika nini?